Ngoma ya Watoto Haikeshi: Mwongozo wa Kumaliza Wiki Bila Kugusa Stiki

Darasa la ngoma limekwisha, ni Jumamosi saa sita mchana, na mwalimu amekuandikia kazi ya wiki kwenye daftari. Isome vizuri, maana huwezi kukikimbia kitu usichokijua. Dakika 15 kila siku, Jumapili hadi Ijumaa. Tano za kwanza ni mkono kwa mkono: kulia, kushoto, kulia, kushoto, metronomu ikiwa kwenye 60. Tano zinazofuata ni paradido: kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, polepole vilevile. Tano za mwisho ni mdundo mmoja wa chakacha, uleule mwanzo hadi mwisho, bila madoido. Chini kabisa pameachwa nafasi ya saini ya mzazi.

Mwanangu, kazi hii ni nyepesi mno, na hapo ndipo penye ugumu. Kazi nzito hukwepeka kirahisi, kila mtu atakuonea huruma. Kazi ya robo saa huna wa kumlilia. Kuikwepa siku sita mfululizo kunataka akili, mipango na bidii zaidi kuliko kuifanya. Nimefundisha watoto ngoma muda wa kutosha kuwajua mafundi wa shughuli hii, na ninayokuandikia hapa nimejifunza kwao.

Anza na daftari. Usilipoteze kabisa, kwa sababu daftari lililopotea hununuliwa jingine na kazi huandikwa upya, tena kwa wino mwekundu. Lisahau mahali litakapoonekana Ijumaa jioni: kwa bibi, ndani ya begi la madrasa, chini ya godoro la kaka. Ukiulizwa Jumatatu, sema unayakumbuka mazoezi yote kichwani. Mzazi asiyejua ngoma hana namna ya kukuhakiki.

Kisha andaa visingizio, na uchague kwa makini. Kisingizio cha umeme kiache. Kila msimu wa mgao hujitokeza mtoto wa kukijaribu, akaulizwa ngoma yake huwa anaichomeka wapi, akabaki anatazama viatu. Ukitaka umeme ukusaidie, upitishe kwenye metronomu: programu iko kwenye simu ya mama, simu ya mama haina chaji, na mama mwenyewe yuko kwenye vikoba. Hapo umefunga milango mitatu kwa sentensi moja.

Ikiwa ngoma yako ni ya ngozi, basi Mungu kakupendelea. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe hunyonya unyevu, ikalegea, na mlio wake ukafa. Wakati wa masika hakuna mwalimu wa pwani atakayekubishia hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe huianika ngoma juani au kuipasha moto kabla ya shughuli. Fanya hivyohivyo. Ianike uani, igonge kwa kidole, tikisa kichwa kwa masikitiko ya kifundi, igeuze, igonge tena. Dakika 15 zitakwisha hujapiga hata pigo moja, na jirani atakayepita atasema, huyu mtoto anaijali kazi yake.

Sasa tuje kwa adui mwenyewe, yaani ile namba 60. Ni pigo moja kila sekunde. Asiyejua ngoma akisikia hivyo hucheka. Mpe stiki ajaribu, umwone anavyotokwa jasho. Kati ya pigo na pigo pana nafasi kubwa, na kila kosa hukaa katikati ya nafasi hiyo likijionyesha. Pigo la kulia limetua sawa na metronomu, la kushoto limechelewa. Stiki ya kulia imepanda hadi usawa wa sikio, ya kushoto imeinuka kwa shida kama shingo ya kobe. Moja limelia katikati ya ngozi, jingine limegonga ukingo. Hakuna mahali pa kujificha.

Na tuuonee huruma mkono wa kushoto. Kwa watoto wengi haujawahi kupewa kazi ya maana. Haukuandika, haukula wali, na kwa adabu zetu hauruhusiwi hata kumpokea mgeni kikombe cha maji. Umekaa miaka tisa ukiwa msindikizaji, halafu wiki moja tu unaambiwa uwe sawa na mwenzake kwa nguvu, kwa urefu wa kunyanyuka na kwa wakati. Ukiusikiliza kwenye 60 utausikia ukilalamika, na ukiusikia utalazimika kuufundisha. Usiusikilize.

Dawa ni kupiga haraka. Peleka metronomu kwenye 140, au izime kabisa, kisha uporomoshe. Kwenye kasi hiyo mapigo yanachanganyikana, kelele inameza makosa, na kila aliyemo nyumbani anaamini amezaa msanii. Wazee wachache watakukumbusha kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Wajibu kwa heshima kwamba methali hiyo ni ya zama za ngozi ya mbuzi. Kampuni ya Remo ilianzishwa Marekani mwaka 1957 ikauza ngozi za plastiki, na plastiki haijui methali. Wasichokijua wazee hao, nawe usiwaambie, ni kwamba kinachopasuka siku hizi ni mpangilio: mtoto aliyezoea kukimbia hawezi kupunguza mwendo siku mwimbaji anapotaka wimbo wa taratibu. Hilo litatokea mbele ya watu. Leo huna haja ya kulifikiria.

Mwalimu akikubana kuhusu metronomu, mpeleke kwenye historia, maana walimu wanapenda kupotelea humo. Muulize nani aliibuni. Atakuambia ni Johann Maelzel, aliyeisajili kwa jina lake mwaka 1815. Hapo mkumbushe, kwa unyenyekevu, kwamba mtambo wenyewe ulibuniwa Amsterdam mwaka 1814 na mtu anayeitwa Dietrich Winkel, Maelzel akauona, akauongezea mizani ya namba, akauita wake. Kwa maana hiyo kifaa ambacho mwalimu anakitumia kukagua kama umefanya kazi yako mwenyewe kilipata umaarufu kwa mtu kunakili kazi ya mwenzake. Hoja hii haina jibu la haraka. Nimejaribu kuijibu, na darasa likaisha.

Njia nyingine nzuri ya kutofanya mazoezi ni kutaka mazoezi mengi. Uvivu wa waziwazi unaadhibiwa, lakini tamaa ya elimu nani ataiadhibu? Mwambie mwalimu kwamba paradido moja imekuchosha, unataka zote. Zipo. Mwaka 1933 wapiga ngoma 13 walikutana Chicago wakaunda chama chao, wakateua mapigo 13 ya msingi ambayo kila mwanafunzi lazima ayajue. Baadaye yakaongezwa yakafika 26, na mwaka 1984 chama kingine, Percussive Arts Society, kikatoa orodha ya mapigo 40. Omba nakala ya orodha hiyo. Ibandike ukutani. Anza na la 40, ruka hadi la 23, rudi la 9, na usikae kwenye pigo lolote zaidi ya dakika moja. Mwisho wa wiki utakuwa umeyagusa yote na huna hata moja.

Jihadhari tu na kitabu cha George Lawrence Stone, *Stick Control*, cha mwaka 1935. Ukurasa wake wa kwanza wa mazoezi una mistari 24, haina wimbo, haina madoido, ni kulia na kushoto tu vikipangwa na kupangwa upya, na Stone anataka kila mstari urudiwe mara 20 kabla ya kwenda unaofuata. Kitabu hicho bado kinauzwa, na wapiga drams wakubwa duniani wamekipitia. Ukikiona kwa mwalimu, kifunike na gazeti.

Kuna watoto wanaosema kazi ya wiki ni kwa wasio na kipaji. Hawa huwa wana shahidi mmoja, Mzee Morris Nyunyusa. Ndiye kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja zikiwa zimepangwa kumzunguka pande zote, na ngoma zake ndizo zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania, kiasi kwamba nchi nzima ilinyamaza ikizisikia. Alikwenda kupiga hata Japani, kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Shahidi huyu ni mzuri, mtumie. Sema hakuwa na daftari, hakuwa na metronomu, hakusoma mstari hata mmoja wa muziki. Yote hayo sawa. Ila umalize maneno haraka na uondoke, mwalimu asije akakuuliza mkono unaijuaje ngoma ya saba iko wapi, na uso wake uko umbali gani, bila macho na bila kuirudia.

Kama umejiunga na kikundi, dai kuongoza. Hii ni haki yako tangu wiki ya kwanza. Usikubali kupewa mdundo wa chini, ule usiobadilika, unaorudiwa mpaka wacheza ngoma wachoke. Tazama wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Katikati inakaa ngoma iitwayo inkiranya, nayo ndiyo inayotoa amri. Ngoma za ibishikiso zinaifuata. Halafu kuna amashako, ambazo kazi yake ni kushikilia pigo moja bila kukatika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nani anataka kuwa amashako? Kidumbak cha Unguja nacho ni hivyohivyo: macho ya watu yako kwa mpiga fidla na mpiga sanduku, na pembeni amekaa mtu wa mkwasa, anagonga vijiti viwili vifupi, na mwingine anatikisa cherewa. Mwache mtu wa mkwasa akosee kidogo uone. Fidla inapepesuka, wachezaji wanakanyagana, bibi harusi anageuza shingo. Lakini hakuna anayempiga picha mtu wa mkwasa, kwa hiyo wewe dai sanduku.

Siku hizi walimu wamekuwa wajanja, wanataka utume video kila siku kwa WhatsApp. Usiogope. Mafundi wamelitatua hilo zamani. Jumapili asubuhi vaa fulana ya kijani, piga dakika moja, rekodi. Badili, vaa ya Yanga, rekodi. Vaa ya Simba, rekodi, ingawa baba hataipenda. Ukifika fulana ya sita umemaliza wiki, kilichobaki ni kutuma moja kila jioni. Hakikisha tu saa ya ukutani haionekani. Hakikisha pia sufuria iliyoko nyuma yako haitoi mvuke uleule siku zote sita, na jogoo wa jirani hawiki kila Jumatano, Alhamisi na Ijumaa katika pigo lilelile la nne. Mwalimu wa ngoma huenda asione rangi ya fulana. Jogoo atamsikia.

Kuhusu saini ya mzazi siongezi neno. Ila ukiamua kuiga mwandiko wa baba, usimwandikie jina la ukoo kwa herufi ulizofundishwa darasa la tatu.

Jumanne hadi Alhamisi hazina mambo mengi. Ni siku za homuwaki, tuisheni, mpira na kulala. Pita tu.

Nanyi wazazi mna sehemu yenu katika mpango huu, na kwa kiasi kikubwa mnaifanya bila kufundishwa. Mtoto akigusa ngoma saa kumi na moja jioni, mwambieni baba amepumzika. Akigusa saa kumi na mbili, taarifa ya habari inakaribia. Akigusa saa moja, majirani watasema nini. Akikaa kimya wiki nzima, Jumapili mkipata wageni mwiteni sebuleni: "Hebu wapigie shangazi zako kidogo." Akishindwa, mgeukieni mwalimu mumuulize ada inakwenda wapi. Kibao cha mpira cha mazoezi kingemaliza ugomvi wote huu, maana sauti yake haivuki mlango. Hata mto wa kitandani unatosha kwa dakika tano, tena mto haurudishi stiki, hivyo kifundo cha mkono hulazimika kuinua kila pigo chenyewe na kupata nguvu. Lakini mkimpa mto atafanya mazoezi.

Wakati pekee ambao mtoto wa pwani hakatazwi kupiga ni Ramadhani, saa tisa usiku, anapozunguka mtaani na wenzake kuamsha watu kwa daku. Hapo hupiga kwa wiki nne bila daftari, bila saini na bila kukumbushwa, na Idi inapofika mdundo wake umenyooka. Ushahidi huu unaharibu mwongozo wangu, naupita haraka.

Walimu wenzangu, msijione mko nje. Ukitaka mtoto asifanye kazi ya wiki, mwandikie maneno mawili tu: "Fanya mazoezi." Usitaje mwendo, usitaje dakika, usitaje mkono gani uanze. Au mwandikie mambo kumi na moja, mengine kwa nota ambazo hujamfundisha kuzisoma. Jumamosi usimuulize lolote kuhusu kazi ya wiki iliyopita, nenda moja kwa moja kwenye jambo jipya. Baada ya wiki tatu atakuwa amekuelewa vizuri: ile kazi ni pambo la daftari. Nimeona walimu wenye mikono ya dhahabu wakipoteza wanafunzi kwa njia hii, huku wakilaumu simu.

Basi imefika Ijumaa usiku. Daftari limeonekana kwa bibi. Usitaharuki, fanya hesabu. Dakika 15 mara siku sita ni dakika 90, yaani mechi moja kamili, na mechi huchezwa siku moja. Kaa kwenye drams saa mbili na nusu, timua hadi saa nne. Dakika 20 za mwanzo utapiga vizuri. Baada ya hapo mabega yatapanda, vidole vitaibana stiki, na kila kosa utakalolirudia mikono italikariri kwa uaminifu mkubwa. Watu wa sayansi ya ubongo wameonyesha kwamba ustadi wa mikono huendelea kujipanga mtu akiwa amelala, kati ya zoezi moja na jingine. Aliyepiga kidogo siku sita amelala nao usiku sita, wewe utalala nao usiku mmoja, tena umechelewa kulala. Na masikio nayo yana hesabu yao. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane kwa siku, na kila ikipanda desibeli tatu muda hupungua nusu. Ikifika 100, muda uliobaki ni dakika 15. Drams zikitimuliwa ndani ya chumba cha bati huvuka hapo bila shida. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Labda na wao waliwahi kupima.

Jumamosi darasani bado hujashindwa. Chelewa kidogo, useme foleni ya Mbagala. Lalamika kwamba kiti kiko chini. Omba ngoma ya snea ikazwe, kisha ilegezwe. Dondosha stiki, iendee taratibu. Ukiona zamu yako imekaribia, tumia silaha ya mwisho, ambayo haijawahi kushindwa tangu niijue: "Mwalimu, hebu tuonyeshe tena wewe, mimi pale sikuelewa." Mwalimu atakaa. Atapiga mara moja polepole, mara ya pili kwa mwendo, mara ya tatu atakumbuka enzi zake kwenye bendi, na hapo umeokoka. Hakuna mpiga drams duniani anayekataa kuombwa apige. Mimi mwenyewe naijua hila hii, na bado nakaa.

Sasa jumlisha. Umelificha daftari, umeianika ngoma, umebadili fulana sita, umesoma maisha ya Maelzel, umemtaja Mzee Morris, umekesha Ijumaa, umesingizia Mbagala. Kwa hesabu yangu umetumia karibu saa tano kuokoa saa moja na nusu. Ukiona ni nyingi, ipo njia ya uvivu zaidi. Chukua ndoo, mto au kibao cha mpira. Weka simu kwenye 60. Anza na mkono wa kushoto, ndio wenye njaa. Dakika 15 zikiisha simama, hata kama ndiyo kwanza utamu umekolea, ukacheze. Kesho tena.

Kazi ya wiki ijayo ni hiyohiyo, sikuongeza kitu. Darasa linaanza saa nne. Daftari sitalifungua, nitasikiliza mkono wa kushoto.